Uso uliotengenezwa kwa ndakala: historia ya picha za vipande vidogo hapa Lubumbashi

LUBUMBASHI. Ndugu wasomaji wetu wa hapa mjini, na ninyi ndugu mliohama makwenu na mnaosomewa habari hizi kwenye simu pale mlipopokelewa, leo siwaletei bei ya unga wala hali ya barabara. Nawaletea historia. Ila imeanza kwenye nyumba ya fotokopi katika komine ya Kenya, kwa hiyo nami nitaanzia hapo.

Nilikuwa nimesimama kwenye foleni na karatasi zangu. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja. Tumwite mama wa Moba, maana familia yake ilikimbia kutoka upande huo wa ziwa Tanganyika wakati wa machafuko. Alifungua fundo la kitambaa, akatoa karte ya uchaguzi ya mume wake marehemu. Ilikuwa imekunjika katikati na maji yalikuwa yameipitia. Picha iliyo juu yake haikuzidi sana ukucha wa kidole gumba.

«Papa, iyi njo picha moja tu yenye kubakia,» alimwambia kijana wa kompyuta. «Tunaondoa kilio siku ya posho. Ninataka picha mukubwa, ya kutundika ku kiwanja.»

«Mama, iko kadogo sana,» kijana akajibu. «Nikaikuza vile iko, utaona ukungu tu.»

Kijana hakusema uongo. Picha ikiingia kwenye kompyuta inakuwa chembe nyingi za mraba, kila chembe na rangi yake moja. Ukiikuza, chembe haziongezeki, zinanenepa tu. Jicho la marehemu lililochukua chembe nne kwenye karte litabaki na chembe nne hata ukilichapa kwenye kitambaa cha mita mbili, na kila chembe itakuwa kama kigae cha bafuni. Mama alianza kufunga kitambaa chake. Kijana akamwambia angoje kidogo. «Kuko namna ingine,» akasema.

Namna hiyo ndiyo iliyonifanya niache foleni na kuketi. Kuna programu za kuchora ambazo hazitunzi picha kwa chembe, bali kwa hesabu: hapa pana nukta, pale pana nukta, katikati mstari umepinda hivi. Umbo la namna hiyo unaweza kulikuza mpaka lijae ukuta wote na ukingo wake ukabaki safi kama umekatwa kwa wembe. Wachapishaji wengi wanaijua CorelDRAW, na ndani yake kuna chombo kinachoitwa Pointillizer. Unakipa picha, unakipa umbo dogo ulilolichora mwenyewe, nacho kinaibomoa picha na kuijenga upya kwa umbo lile, mara elfu na elfu. Palipo na giza umbo linakuwa kubwa, palipo na mwanga linakuwa dogo. Ukikaribia unaona maumbo tu. Ukirudi nyuma hatua kumi, macho yako yenyewe yanayaunganisha na uso unatokea. Ule ukungu wa picha ndogo haukusumbui tena, kwa sababu hukuikuza picha. Umeiuliza mambo machache tu: wapi giza, wapi mwanga. Hayo hata karte iliyolowa maji inaweza kuyajibu.

Kijana alifanya jaribio. Umbo alilokuwa nalo tayari kwenye mashine ni lile la wote hapa Lubumbashi, msalaba mdogo wa shaba. Katika dakika chache uso wa marehemu ulitokea kwenye skrini, umejaa misalaba. Mimi niliona ni kazi nzuri. Mama aliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema: «Hapana, papa. Si na musalaba ile. Mama yangu alilala mu kambi ya Baluba juu ya bendera yenye ile musalaba.»

Kijana alibaki akimwangalia bila kuelewa. Yeye amezaliwa baada ya mwaka 1997, na kwake ule ni umbo la mabango ya maduka, la fulana za vijana na la vitu vya ukumbusho wanavyouziwa wageni. Basi tuseme kidogo habari ya umbo hilo.

Msalaba wa shaba ni mzee kuliko mji wetu, na ni mzee kuliko msalaba wa wamisionari katika nchi hii. Wayeyushaji wa shaba walimimina shaba ya moto katika kalibu zilizochimbwa, na ikipoa inatoka na mikono minne. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, na humo waliikuta misalaba imezikwa pamoja na wafu. Kadiri karne zilivyopita misalaba ile ilizidi kuwa midogo na kufanana, ndiyo maana wataalamu wanasema ilianza kama mali ya heshima ikaishia kuwa feza, kitu cha kuhesabia na kununulia. Kwa hiyo kuzika mtu na misalaba si jambo la kigeni. Mama wa Moba angeweza kuambiwa: hawa ni wazee wetu walifanya hivi.

Lakini umbo halibaki na maana yake ya kwanza. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na bendera ya Katanga ilichorwa misalaba mitatu ya shaba. Kaskazini ya Katanga, Baluba wengi waliofuata chama cha Balubakat cha Jason Sendwe walikataa, na vita ikawaka. Mwaka 1961, hapa hapa mjini, wakati ule ukiitwa bado Élisabethville, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbia nyumba zao wakajipanga kambini chini ya ulinzi wa askari wa ONU. Kujitenga kuliisha Januari 1963, lakini mtoto aliyelala katika kambi ile hakuusahau msalaba aliouona kwenye bega la askari. Wengine mjini wanaupenda, na wana haki ya kuupenda, maana wao wanaona ndani yake kazi ya babu zao. Siandiki haya ili tugombane. Ninasema tu kwamba ukichukua umbo na kulirudia mara elfu nne juu ya uso wa mtu, umesema neno juu ya mtu huyo, na wenye kumlilia watalisikia.

Wazee wa Baluba walilijua jambo hili muda mrefu kabla ya kompyuta. Walikuwa na lukasa.

Lukasa ni ubao wa mti, mpana juu na chini, na kiuno chembamba katikati, wa kutosha kushikwa kwa mkono mmoja. Mgongo wake huchongwa mistari kama gamba la kobe. Uso wake hupigiliwa shanga na simbi, nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine zimepangwa mstari, nyingine zimezunguka moja iliyo kubwa. Ulikuwa mali ya chama cha Mbudye, watu waliotunza habari za ufalme: namna Nkongolo Mwamba alivyotawala, namna Mbidi Kiluwe mwindaji alivyofika kutoka mashariki, namna mwanawe Kalala Ilunga alivyochukua utawala. Msomaji alishika lukasa kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kuume kikatembea juu ya shanga. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia iliyopitwa. Akifika pale anasimama, anasimulia au anaimba, kisha kidole kinaendelea.

Kitu kimoja cha lukasa kinanivutia kuliko vingine. Ubao mmoja haukusomwa namna moja kila mara. Mbele ya mfalme mpya ulisomwa hivi, katika shauri la mipaka ukasomwa vile, na wasomaji wawili waliweza kutofautiana. Shanga hazikubadilika, ila aliyezisoma na waliomsikiliza ndio walioamua zitasema nini siku hiyo. Wasomi Mary Nooter Roberts na Allen Roberts waliokaa na Baluba na kuandika juu yao walieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu na maonyesho yaliyofanyika New York mwaka 1996.

Angalieni tofauti. Ile kazi ya kijana wa Kenya inaonekana vizuri kutoka mbali, na ukikaribia uso unapotea. Lukasa ni kinyume. Ukiwa mbali ni ubao wenye shanga tu. Ukikaribia, ukagusa, na ukiwa umefundishwa, ndipo wafalme wanatokea. Lakini zote mbili zinasimama juu ya wazo moja, kwamba kitu kikubwa kama mtu, ukoo au ufalme kinaweza kukaa ndani ya alama ndogo zilizopangwa, na alama hizo hazichaguliwi ovyo.

Sasa turudi mjini kwetu. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, mtu wa Bretagne aliyefika Kongo wakati wa vita kuu ya pili, alifungua hapa Élisabethville atelie ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Vijana walioingia humo hawakuwa na shule ya uchoraji. Kati yao majina matatu yalipita mipaka: Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwonde.

Bela nataka mumshike akilini, hasa ninyi mnaoishi mbali na kwenu. Hakuwa mtu wa Katanga. Alizaliwa upande wa Chadi, kati ya Wasara, na alifika huku akimfuata Desfossés kama mtumishi wake. Hapa hakuwa na ukoo wala lugha ya nyumbani. Alipopewa rangi hakushika brashi, alichora kwa ncha za vidole. Alichovya kidole, akagusa karatasi, akachovya tena, akagusa tena. Mnyama wake, mti wake, mwindaji wake, wote ni alama za kidole zilizopangana. Yaani kipande kidogo alichojengea picha kilikuwa mwili wake mwenyewe. Kama kuna umbo ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliye nalo, ni lile la kidole.

Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa 1914 na kufariki 2007, alikwenda njia nyingine. Yeye alipenda samaki, ndege, nyoka, mamba, na nafasi iliyobaki kati ya wanyama aliijaza alama ndogo, nukta kwa nukta, mpaka hewa yenyewe na maji yenyewe vikawa kama kitambaa kilichofumwa. Mwenze Kibwonde, wa 1925 hadi 1999, alitumia mistari mifupi, myembamba, iliyolazwa pamoja kama majani ya paa la nyumba, na ndani yake aliwatia watu: wawindaji, wachezaji, wanawake kazini. Wageni wa Ulaya walipoziona picha hizi walisema, ah, hii ni kama ya Seurat, yule Mfaransa aliyeonyesha Paris mwaka 1886 picha kubwa iliyochorwa kwa nukta. Mimi sikubali. Seurat alitafuta namna ya kuchanganya rangi ndani ya jicho la mtazamaji, alitaka mwanga. Nukta za Pilipili hazitaki kuchanganyika na kitu. Zinabaki nukta, unaweza kuzihesabu, na mkono wako unataka kuzigusa. Ziko karibu na shanga za lukasa kuliko Paris, hata kama hakuna aliyemfundisha Pilipili kusoma lukasa.

Desfossés mwenyewe alikuwa mtu wa pande mbili. Aliwakataza vijana kuiga Ulaya, na kwa hiyo kila mmoja alipata mkono wake, jambo ambalo shule nyingi za wakati ule hazikuruhusu. Lakini alikuwa mtu wa koloni, na alikuwa na mawazo yake juu ya nini ni cha Kiafrika. Mnyama ndiyo, mto ndiyo, mwindaji ndiyo. Angalieni picha za Hangar moja baada ya nyingine, mtatafuta sana mnara wa kiwanda na mlima wa mabaki ya shaba, ambavyo vijana hao walivipita kila siku wakienda kazini. Mji ule ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na shaba haimo. Desfossés alifariki hapa mwaka 1954, na atelie yake ikaunganishwa na Académie des Beaux-Arts iliyoanzishwa 1951 na mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens. Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Kwa hiyo vidole vile vilipita katika mikono ya wanafunzi wengi. Mode Muntu, aliyeishi 1940 hadi 1985 na kusoma katika akademi hiyo, aliwafanya watu wenyewe kuwa alama: wembamba, wamepindana, wamepangwa kama maandishi. Mwaka 2015, Paris, Fondation Cartier ilitundika kazi za Hangar na za Mode Muntu katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, na wengi wetu tuliziona kwa mara ya kwanza kwenye simu, kutoka Paris, ilhali zilitengenezwa hapa hapa kwetu.

Na kompyuta je? Ilifika baadaye, na kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1966, Marekani, Ken Knowlton na Leon Harmon wa maabara ya Bell walichukua picha ya mwanamke amelala, wakaipitisha kwenye mashine, na kila kiwango cha giza wakakibadilisha kwa alama ndogo za vifaa vya umeme. Kwa karibu unaona alama za fundi wa redio, kwa mbali unaona mwili. Mwaka uliofuata gazeti la New York Times liliichapisha. Mwaka 1973 Harmon alionyesha pia kwamba uso wa rais Lincoln unatambulika hata ukibaki na miraba michache tu mikubwa, hasa ukikaza macho au ukirudi nyuma. Ndiyo elimu iliyomo ndani ya chombo cha kijana wetu. Yeye hajui majina hayo na hayamsaidii kitu, lakini ule uso wa karte uliolowa maji uliokolewa na jambo ambalo Harmon alilionyesha: binadamu ana kiu ya kuona uso, anaukamilisha mwenyewe.

Kuna neno letu la Lubumbashi ambalo wasomi wamelichukua na kulipeleka mbali. Neno hilo ni ukumbusho. Miaka ya 1970 nyumba nyingi hapa, Katuba, Kenya, Kamalondo, zilikuwa na picha iliyotundikwa ukutani sebuleni, imechorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Colonie belge, yaani askari anampiga mfungwa fimbo na Mzungu anatazama. Au treni. Au simba na mtu. Ukimwuliza mwenye nyumba kwa nini ameinunua, anasema ni ukumbusho. Hasemi ni pambo. Mgeni akiketi, anaiangalia, anauliza, na hadithi inaanza. Picha ilifanya kazi ya lukasa, ila sasa ilikuwa sebuleni kwa mfanyakazi wa mgodi, na kila mtu aliruhusiwa kuisoma.

Aliyelifikisha jambo hili mbali zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947. Alijiita mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu aliyekuwa akifundisha hapa, historia yote ya nchi, tangu wazee hadi Mobutu na hata mambo yajayo, picha 101. Kila picha aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu cha hapa, si kile cha vitabu. Picha moja peke yake inaweza kukudanganya. Unaona Lumumba, unaona umati, basi. Ukizipanga zote 101 ndipo unaona uso wa nchi, na uso huo si ule wa vitabu vya serikali. Fabian alitoa kitabu chenye picha hizo mwaka 1996, mwaka ule ule wa maonyesho ya lukasa. Sisi wakati huo tulikuwa na mambo mengine: vita ya AFDL ilikuwa imeanza mashariki, na Aprili 1997 iliingia mjini. Tshibumba hakuwepo kukiona kitabu. Alipotea tangu miaka ya mwanzo ya 1980.

Naandika «alipotea» na ninajua baadhi yenu mnaonisoma neno hili mnalo nyumbani. Ndiyo sababu sikuona habari ya mama wa Moba kuwa ndogo. Waliokimbia wanasimulia yale yale. Umebeba mtoto, umebeba sufuria, umebeba karatasi za shule kama Mungu amekusaidia. Albamu ya picha inabaki juu ya kabati. Ilikuwa hivyo kwa familia za Kasai zilizofukuzwa hapa Katanga mwaka 1992 na 1993, zikalala majuma na miezi kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi zikingoja treni. Ilikuwa hivyo kwa waliotoka Mitwaba na Pweto. Ni hivyo sasa kwa ndugu wanaofika kutoka Kivu. Kinachobaki ni ile picha ndogo ambayo serikali au shule ilikudai: ya karte, ya kitambulisho, ya matokeo. Picha ambayo hukuipenda, hukucheka ndani yake, uliwekwa mbele ya kitambaa cheupe ukaambiwa usitikisike. Miaka ikipita inakuwa ndiyo sura yako yote.

Wasanii wa leo wa mji huu nao wanafanya kazi na mabaki ya namna hiyo. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi, zilizopigwa na wenye koloni, akawakata na kuwapanga kwa kompyuta mbele ya viwanda vilivyokufa vya Gécamines. Aliziita Mémoire, mwaka 2006. Watu wale walikuwa wamepigwa picha kama mali ya kampuni, wamesimama mstari. Yeye aliwarudisha mahali pa kazi yao wakatuangalia sisi. Yeye na wenzake ndio walioanzisha pia Rencontres Picha mwaka 2008, maonyesho yanayorudi mjini kila baada ya miaka michache. Wenye nafasi waende kuona.

Basi mama alikataa msalaba. Kijana akamwuliza: «Mama, papa alikuwa anafanya kazi gani?»

«Alikuwa anavua ndakala.»

Kijana akachora ndakala. Samaki wa kwanza alikuwa mzuri mno, ana magamba, ana mapezi, ana jicho na mwanga ndani ya jicho, umbo lenye nukta zaidi ya sitini. Alipomrudisha mara elfu nne mashine iliganda, na baadaye umeme ulikatika, tukakaa gizani dakika arobaini. Nawaeleza hili kwa vijana wanaotaka kujaribu: samaki mmoja wa nukta sitini ukimzidisha mara elfu nne, umeipa kompyuta nukta laki mbili na arobaini elfu za kukumbuka. Mashine ya nyumba ya fotokopi haitaweza. Umeme uliporudi alichora samaki wa pili kwa nukta nane tu, mgongo, tumbo na mkia uliogawanyika. Huyo alipita.

Tatizo la pili lilikuwa la rangi. Programu inafanya samaki kuwa wakubwa palipo giza. Marehemu alikuwa mweusi, na picha yake ilipigwa mbele ya ukuta mweupe. Matokeo yake uso mzima ulijaa samaki wakubwa waliobanana, hakuna pua, hakuna shavu, na ukuta wa nyuma, ambao hauna maana yoyote, ukawa safi kabisa. Nadhani waliotengeneza vyombo hivi walijaribu kwanza na nyuso za kwao. Kijana aligeuza kila kitu. Aliweka kitambaa kiwe cha buluu nzito kama ziwa usiku, samaki wawe weupe, na samaki mkubwa asimame palipo mwanga: juu ya paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye mdomo wa chini. Ngozi nyeusi ina mwanga mwingi, ni lazima uutafute. Aliongeza mwanga kidogo kwenye picha ya karte kabla ya kuibomoa, akapunguza ukuta wa nyuma mpaka ukaisha. Kisha akalaza samaki wote kwa pembe moja, kama kundi linaloogelea kwenda upande mmoja, maana alipowaacha wamelala bapa walionekana wamekufa mezani. Hili la mwisho ni mama aliyelisema. «Samaki wa muzima hailale vile,» alisema, na wote tukacheka, na yeye akacheka.

Kazi ilichukua siku mbili. Bei sitaitaja, ila naweza kusema kijana alihesabu kitambaa na wino tu.

Siku ya posho nilikwenda kwenye kilio. Kitambaa kilitundikwa kati ya miti miwili ya miembe. Watoto walikuwa mbele kabisa, pua zikigusa kitambaa, wanahesabu samaki na kugombana: mmoja alifika mia tatu akapotea akaanza tena. Kwao hapakuwa na babu, palikuwa na ndakala tu. Nyuma yao alikuja mzee mmoja na fimbo yake, kaka wa marehemu, aliyefika asubuhi hiyo kwa gari kutoka Pweto. Aliangalia, akauliza picha iko wapi. Mama wa Moba alimshika mkono akamrudisha nyuma polepole, hatua moja, hatua nyingine, mpaka karibu na majiko ambako wanawake walikuwa wanapika bukari. Hapo mzee alisimama. Alivua kofia yake.

«Eh,» alisema. «Njo yeye.»